Nyumba Iliyosimama Nikiwa Mlimani

Walikuwapo hawa: mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye wakati ule alikuwa ameanza kujifunga kitambaa kichwani kama mtu mzima, mdogo wetu wa kiume, kisha kitindamimba wetu, aliyepewa kazi ya kulinda kuku wasitoroke, mjomba wetu, ndugu wa mama tumbo moja, wapasua mbao wawili, mtu na kaka yake, majirani zetu wa upande wa juu, mwenzangu wa kazini, mtu wa Tabora, na bibi mmoja mjane ambaye shamba lake lilipakana na letu. Hao ndio waliosimamisha nyumba yetu kando ya barabara Jumamosi ile. Mimi, kifungua mimba, niliyesema mbele ya kaburi la mama kwamba hatutatawanyika, sikuwapo. Nilikuwa juu mlimani nalinda mtambo wa simu.

Huwa naanza kwa kuwataja kwa sababu ndivyo tulivyolelewa huku Uluguru. Mtu akitaka kujua unadaiwa na nani, haulizi umekopa nini. Anauliza siku ile alikuwapo nani.

Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa. Nilikuwa darasa la sita. Nilimpa mdogo wangu wa kiume shati langu la shule, nikaenda kubeba saruji. Serikali ilikuwa inajenga kituo cha simu juu ya mlima, na gari liliishia mbali sana na kilele. Mifuko, nondo, vyuma vya mnara, vyote vilipanda kwa mabega yetu. Kazi ilipokwisha wenzangu walilipwa wakarudi mashambani. Mimi nilibaki kufagia. Mafundi wageni waliokuwa wakifunga mitambo waliona sikimbii baridi wala siulizi ninarudi lini, wakanifundisha kuwasha jenereta. Baadaye nilipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo mafupi, nikarudi na cheti na suruali ya kaki. Hivyo ndivyo mtoto wa darasa la sita alivyokuwa fundi mitambo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Simu kutoka mjini Morogoro kwenda upande wa pili wa milima haikuweza kwenda moja kwa moja, kwa kuwa mlima unaziba njia. Basi sauti ilirushwa kwa mawimbi hadi kwetu, nasi tukaipokea, tukaiongezea nguvu, tukaisukuma mbele. Jenereta lilichaji betri, betri ziliendesha mitambo iliyopangwa kwenye kabati za chuma. Jenereta likizimika na betri zikaisha, upande mzima wa nchi unakuwa bubu. Kwa hiyo mtu mmoja sharti awepo, siku zote, mvua au jua. Tulikuwa wawili wa kupokezana: mimi na yule mtu wa Tabora, Mnyamwezi, na kwa hiyo mtani wangu wa halali.

Sijawahi kujua upweke kama wa kituo kile. Watu hudhani upweke ni kukosa sauti. Mimi nilikuwa na sauti za nchi nzima zikipita mbele yangu ndani ya makabati yale mchana kutwa, madaktari, wauza pamba, wakuu wa wilaya, wachumba, na hakuna hata moja iliyoniita mimi. Ukungu ukishuka, nilikuwa sioni hata choo changu. Nilizoea kuongea na jenereta. Lilikuwa linanijibu vilevile kila siku, na hilo lilinitosha kwa muda.

Faraja yangu ilikuwa majirani. Chini kidogo ya kituo, kwenye mteremko, kulikuwa na nyumba za watu wetu zilizotawanyika katikati ya migomba, na yetu ikiwa mojawapo. Wao ndio waliobeba madebe ya dizeli kichwani kutoka gari lilipoishia, na ofisi iliwalipa kwa kila debe. Wakifika walikaa kizingitini wakaota moto wa jiko langu, wakanipa habari za wadogo zangu. Yule bibi mjane hakubeba dizeli, lakini alipanda pamoja nao na magimbi ya kuchemsha kwenye jani la mgomba.

"Wadogo zako wazima," alikuwa akisema. "Yule wa kiume kamwaga mboga, nimemchapa kwa niaba yako. Usinishukuru."

Sasa nieleze jambo la zamu, kwa sababu kila kitu kinaning'inia hapo. Huku mlimani shamba limesimama wima, huwezi kulilima peke yako ukalimaliza kabla ya mvua. Leo majirani wote wanakuja kwako, kesho mnakwenda kwa mwingine. Kujenga ni hivyo hivyo. Hakuna anayeandika. Zamu hulipwa kwa zamu, mkono kwa mkono, na mkono wenyewe uwe wako. Nilipopata kazi ya mshahara nilianza kubaki nyuma. Wadogo zangu walinifidia kadiri ya nguvu zao, lakini zamu ya mtoto ni ya mtoto.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, serikali ilipotaka watu wote wakae pamoja kando ya barabara, mtani wangu aliitwa mjini akasaidie ofisini, maana simu zilikuwa nyingi mno. Kila wilaya ilikuwa inatoa taarifa: wangapi wamehama, wangapi bado. Nikabaki peke yangu kituoni, zamu yangu na yake.

Sheria yetu ilikuwa kutosikiliza mazungumzo ya watu. Lakini taa ya hitilafu ikiwaka, fundi huchomeka simu ya majaribio na kupima kama sauti inapita safi. Jumatatu moja taa iliwaka. Nilichomeka, nikasikia sauti ya mwanamume akisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayeagiza mbegu:

"Hao wa mteremko wa chini ya mnara wote washuke barabarani. Jumapili mgeni anapita, akute nyumba zimesimama."

"Wengine hawajaanza kujenga, ndugu."

"Wajenge. Wasiojenga watalala shuleni, tutajua baadaye."

Sauti ilikuwa inapita safi. Nilichomoa simu, nikasimama pale nimeishika mkononi. Chini ya mnara ulikuwa mteremko mmoja tu.

Nimeulizwa mara nyingi, na wadogo zangu wenyewe wakiwa wakubwa: kwa nini hukuzima jenereta? Ungezima, amri ingechelewa. Sikuwaza kuzima hata mara moja. Laini ileile iliyobeba amri ndiyo iliyokuwa inaita gari la wagonjwa. Mimi ni fundi. Sichagui maneno ya kupitisha. Bado naamini hivyo, ingawa imani hiyo haijawahi kunipa joto.

Kesho yake mjomba alipanda. Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, na mama akiwa hayupo, neno la mjomba ndilo neno. Alifika anahema, akakaa juu ya debe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una chai humu, au unakunywa mafuta?"

Nilimpa chai. Aliinywa yote kwanza.

"Mpwa wangu, umesikia habari?"

"Nimesikia."

"Basi sikiliza na hili. Mimi najenga nyumba yangu, na watu wangu ni tisa. Siwezi kujenga mbili. Huyo binti nitampeleka Kisaki kwa mama yake mdogo. Mvulana atakaa kwangu. Kitindamimba ataenda Dumila kwa shangazi yenu, hana mtoto, atamtunza."

"Mjomba, tulisema hawatatawanyika."

"Ulisema wewe. Mimi nilinyamaza kwa sababu ya msiba." Alikizungusha kikombe mkononi. "Sikufanyii ubaya. Mtoto alale shuleni sakafuni na wageni kwa kuwa kaka yake ana cheti? Nyumba ikisimama Jumamosi, nguzo na paa tu, matope baadaye, nitawaacha. Isiposimama, Jumapili nawagawa. Nimemaliza."

Sikumchukia. Alichosema kilikuwa haki, na ndiyo maana kiliniuma.

Alipoondoka nilipiga simu ya mafundi ofisini mjini. Aliyepokea alikuwa mtani.

"Mluguru! Bado hujaganda huko?"

"Mtani, nahitaji ruhusa ya siku tatu. Nijenge."

"Ujenge wapi? Nyie mkijenga tambarare mtaanguka. Mguu mmoja wa Mluguru mfupi, umezoea mteremko." Kisha akaacha mzaha. "Kuna nini?"

Nilimweleza. Alikwenda kumwita mkuu wetu wa kazi, mtu mpole, aliyekuwa hajalala vizuri wiki nzima.

"Ndugu," mkuu aliniambia, "nakuelewa. Lakini wiki hii ndiyo wiki ya simu. Mtambo usiachwe hata saa moja. Na sina mtu wa kukupa."

"Na huyo mwenzangu?"

"Nikimtoa huyu, kazi ya hapa mezani itakwama. Nisamehe, ndugu."

Na kweli hakuwa na mtu. Aliyepanga kwamba kituo kile kiendeshwe na watu wawili alihesabu mitambo vizuri, akahesabu na dizeli. Hakuhesabu kwamba fundi anaweza kuwa na nyumba.

Jumatano na Alhamisi niliwaona kwa mbali, ukungu ulipopanda. Nilikuwa nikikwea ngazi ya mnara kwa kisingizio cha kukagua taa, nikawaona watu wadogo kama siafu wakishusha mapaa: nguzo mabegani, vifurushi vya nyasi kichwani, mlango mmoja ukitembea peke yake njiani, miguu ya aliyeubeba haionekani. Wote walikwenda chini. Hakuna aliyepanda na dizeli, hakuna aliyepanda na magimbi. Paa letu lilikuwa bado palepale.

Ijumaa ulikuja ukungu mzito. Jumamosi haukuondoka. Nilijaza mafuta, nikapima betri, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Taa ya hitilafu iliwaka mara moja, nikachomeka simu, nikasikia mtu akilalamika kuhusu magunia, nikachomoa. Nilijaribu kula, ugali ukanishinda. Nilikuwa nikifikiria Kisaki, reli ile na pori lile, na mdogo wangu akishuka kwenye treni na kitambaa chake kichwani, akimtafuta mama mdogo ambaye hajawahi kumwona.

Alasiri nilitoka nje nikasimama ukingoni. Sisi watu wa mlimani tuna desturi ya kuitana toka kilima hadi kilima. Mtu anaweka viganja mdomoni, anaivuta sauti, anaiachia bondeni, na aliye ng'ambo anaipokea. Nilisikiliza mpaka masikio yakaanza kuvuma. Kisha, kutoka chini kabisa ndani ya ukungu, ikaja sauti ya mdogo wangu wa kike. Nilimjua kwa jinsi anavyolikata neno mwishoni.

"Kakaaa! Imesimamaaa!"

Niliitikia. Sijui kama alinisikia. Niliingia ndani nikakaa sakafuni kati ya makabati, na jenereta likaendelea kusema neno lake lile moja.

Niliposhuka hatimaye, mtani aliporudishwa kunipokea, nilielezwa yaliyotokea. Kila nyumba ya mteremkoni, isipokuwa yetu, ilikuwa imepangiwa siku yake wiki ile. Watu wote wanajenga ya huyu, kesho ya yule. Jumamosi ilikuwa siku ya bibi mjane. Asubuhi watu walipofika na majembe, walimkuta ameketi kwenye kiwanja chetu, si chake.

"Chimbeni hapa," alisema.

Mpasua mbao mkubwa alimwambia, "Bibi, umekosea kiwanja. Chako kile chenye kichuguu."

"Mimi nimezeeka macho, siyo akili. Chimbeni hapa. Zamu yangu nampa yule wa juu kwenye mnara."

"Na wewe utalala wapi?"

"Nitalala shuleni. Sijawahi kusoma, acha nikaonje."

Walicheka, wakachimba. Mchana akatokea mtani wangu, amevaa viatu vya ofisini. Alikuwa amemaliza kazi ya nusu siku mjini. Alipiga hesabu kwamba akipanda kituoni kunipokea, mimi nitafika chini giza limeingia, na nyumba haitajengwa na mtu yeyote. Kwa hiyo akaenda moja kwa moja kwenye kiwanja. Alimwambia kila mmoja pale kwamba amekuja kuwafundisha Waluguru kusimama wima. Wadogo zangu wanasema alipanda kuezeka akakataa kushuka, akidai kwamba akishuka tutamgeuza mtumwa kama mababu zake. Mjomba mwenyewe aliacha nyumba yake akaja kushika fito. Jua likiwa bado lipo, paa lilikuwa limekaa.

Jumapili mgeni alipita barabarani, ila gari lake halikupunguza mwendo.

Nilianza kulipa. Wapasua mbao niliwalipa kwa kuvuta msumeno wao likizo nzima, nikiwa upande wa chini wa shimo, unga wa mbao ukinijaa machoni. Mjomba alikataa kulipwa, akasema amejengea damu yake. Mtani nilimlipa kwa namna ya watani: alipofiwa na baba yake nilisafiri hadi Tabora, nikajilaza kaburini nikidai haliwatoshi watu wao wanene, nikachimba na kufukia. Nikasema zimebaki hesabu za bibi.

Yeye nilikuwa nimemkuta nyumbani kwetu siku ile niliposhuka. Siku ya pili tu mdogo wangu alikuwa amemfuata shuleni akamleta, na tangu hapo walikuwa wakilala pamoja, yeye na watoto, mkeka mmoja. Nilipoingia alikuwa anamkemea kitindamimba kwa kula amelala. Nilisimama mlangoni nikaona kwamba nyumba ile ina mkubwa tayari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kwako. Panga kikombe mahali pake, humu tuna utaratibu."

Nilimwahidi kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitamchimbia na kumjengea. Wiki ile jenereta lilipasuka bomba, nikalala chini yake siku zote. Nikaahidi tena, mtani akaugua. Mvua zikaanza. Mwishowe watu walimsimamishia kibanda, wadogo zangu wakiwamo, mimi nikiwa juu. Hapo nikafanya kosa la fundi. Nilichukua redio ya mbao iliyoharibika, nikaikarabati kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza, nikampelekea. Nilidhani tumemalizana.

Aliifungua, akaisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, akapiga kofi la furaha. Kisha akasema:

"Inasema vizuri sana. Lakini haikandiki ukuta. Zamu bado."

"Bibi, wadogo zangu si wamekujengea?"

"Wao wamelipa zao. Ile siku sikuwapa wao, nilikupa wewe."

Aliendelea kuisikiliza ile redio miaka yote, na kila tulipoonana, baada ya salamu, aliniuliza mabega yangu yanaendeleaje.

Siwezi kusema kijiji kilikuwa kibaya. Wadogo zangu walikwenda shule hatua chache tu kutoka mlangoni. Yule wa kike akawa muuguzi, wa kiume akapata kazi kiwandani Mzinga, kitindamimba akawa mwalimu. Tungebaki mteremkoni sijui kama ingekuwa hivyo. Ila nyumba zilipangwa kwa mstari, na waliokuwa wakilimiana wakajikuta mwisho huu na ule wa mstari, na mashamba yenyewe yakabaki juu mlimani. Kila mtu akaanza kulima peke yake, anachoka njiani kabla hajafika. Zamu zikafa, pasipo mtu kuzikataza. Na dizeli? Hakuna aliyekuwa tayari tena kupanda toka barabarani na debe kichwani. Tuliibeba mimi na mtani, kila mmoja akipanda na debe lake alipokuja kupokea.

Katika mkutano mmoja wa wafanyakazi nilisimama nikasema kazi yoyote ambayo mtu mmoja hawezi kuiacha hata kwa siku ya msiba au ya kujenga, basi kazi hiyo imepangwa vibaya, hata kama mtambo ni mzuri. Mmoja mbele alinijibu kwamba taifa linajengwa kwa kujitolea. Nikasema nakubali, ila aliyejitolea si mimi. Ni bibi mmoja aliyelala shuleni ili simu zenu zipite. Watu wakaendelea na suala la sare. Baadaye sana, nilipofanywa msimamizi wa vituo, sikumpanga mtu peke yake mahali popote. Wakubwa walilalamika, nikawaacha walalamike.

Bibi alifariki nikiwa safarini kukagua kituo kingine. Nilirudi nikakuta tanga limeanuliwa. Hata kaburi sikulichimba. Shamba lake la mlimani lilikuwa limekwisha kurudi kuwa msitu. Kibanda kilikuwa kimeanguka.

Alikuwa na binti, ameolewa huko Kisaki. Nilimwendea kwa treni, na jembe limefungwa kwenye gunia, abiria wananishangaa. Nilimweleza. Alinisikiliza akichambua mchele, mcheko ni wa mama yake.

"Ndiyo wewe wa mnara? Mama alikusema mpaka siku ya mwisho. Alisema, yule akija asipewe kazi ya uongo."

"Nipe yoyote, dada. Shamba, choo, kisima."

"Shamba nimekwishalima. Choo kipya kabisa, hata ukitaka kakitumie. Nikikupa kazi ya kubuni, utakuwa umelipa?"

"Hapana."

"Basi kunywa uji urudi. Nikipata ya kweli, nitakuita."

Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Siku hizi simu ninayo mfukoni, na mnara wangu wa zamani hauhitaji mtu. Wadogo zangu wamenijengea nyumba ya matofali, kila mmoja na familia yake mji wake, wananipigia mwishoni mwa wiki. Jembe nimelitia mpini mpya, liko nyuma ya mlango. Simu ikiita nikaona namba nisiyoijua, husimama kwanza ndipo nipokee. Yule wa Kisaki hajaniita bado.